Mpunga wa Picha ya Mwisho

Jumatano, 8 Oktoba

Zamu ya chumba cha tano tena. Viatu vipya vinabana. Mchoraji huyu Mjapani alikufa zamani kidogo, na jumba zima la sanaa sasa ni yeye tu: vilima na mashamba ya kijijini kwao, tangu ujana wake hadi picha ya mwisho, ambayo iko kwangu. Kazi yangu ni kuzuia watu wasiiguse. Mkataba wangu unaisha pamoja na maonyesho, tarehe mbili Novemba. Karin, mkuu wa maonyesho, amesema atabakiza mlinzi mmoja. Nataka niwe mimi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kibao cha picha ya mwisho kinasema: majira ya kuchipua, mpunga uliopandikizwa karibuni. Si kweli. Nimeitazama siku nzima. Ardhi imepasuka, maji hakuna. Na yale majani mabichi hayatoki udongoni, yanatoka kwenye visiki vilivyokatwa kwa mundu. Hayo ni maotea. Mpunga umeshavunwa. Kwetu Kyela tulikuwa tunaingiza ng'ombe humo wale.

Nililetwa hapa Uswidi kusomea kilimo. Nimeishia kulinda picha za mashamba. Nimecheka peke yangu, mgeni mmoja akasogea mbali nami.

Jumapili, 12 Oktoba

Nyumbani, Husby. Nimemweleza binti yangu Atupele akiwa anakaanga mayai. Akajibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake: "Pappa, det är bara gräs." Eti ni majani tu! Nimekasirika mpaka chai ikapoa. Majani hayo ndiyo yalinisomesha.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimemwambia Karin. Kwa adabu zote. Alisikiliza huku anatazama simu, akasema maelezo yameandikwa na wataalamu, nisiwachanganye wageni. Nikajibu sawa. Haikuwa sawa.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimeharibu. Walikuja wanafunzi kutoka Tensta. Mwalimu wao akasoma kibao kwa sauti, ulimi ukaniwasha. Nikawaeleza yote: nyufa, visiki, mundu, ng'ombe. Walinisikiliza, hata wale wa nyuma. Mwalimu akafurahi, akaenda moja kwa moja kumpongeza Karin kwa kuwa na mlinzi mjuzi namna hii.

Pongezi zake zimenimaliza.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimehamishiwa kwenye makoti, mlangoni wageni wanapoyaacha. Mama Furaha, Mkongo ninayefanya naye kazi huko, hakunihurumia hata kidogo: "Baba Atupele, acha ile maneno. Batakufukuza bure, na kazi iko nguvu kupata."

Anasema kweli. Nina miaka hamsini na minane, nagawa namba za makoti. Naona aibu.

Jumatano, 22 Oktoba

Atupele aliniuliza jana mbona nimepoa. Nikamwambia. Leo ametoka chuoni akaenda kuiona picha, bila kunisalimia kule makotini. Jioni akaweka simu mezani: amevipiga picha visiki kwa karibu, kimoja kimoja. Akasema niandike kwa Kiswahili, yeye ataweka Kiswidi.

Tumemwandikia mkurugenzi wa jumba. Ukurasa mmoja, tumebishana kila sentensi. Amefuta matusi yote. Kumruka Karin ni kujichimbia kaburi, najua. Nimetuma.

Jumamosi, 25 Oktoba

Kimya. Makoti.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mkurugenzi aliiuliza familia ya mchoraji. Majibu yamekuja. Kwenye daftari lake la michoro lipo shamba lilelile, tarehe ya Novemba, mwezi mmoja kabla hajafa. Aliyeandika kibao aliona kijani, akadhani ni mwanzo wa msimu. Wamekibadilisha.

Karin alikuja kuniambia mwenyewe. Akaomba radhi, na kwa pumzi hiyohiyo akasema ile nafasi ya mlinzi kapewa Mama Furaha. Mama Furaha alikuwa hapohapo, akawa anapanga makoti yaliyokwisha kupangwa. Nikampa hongera. Nusu yake ilitoka moyoni.

Jumapili, 2 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Mchana nimerudisha beji na funguo za kabati. Atupele alinifuata, tukaingia chumba cha tano kama wageni wengine. Kibao kipya kinasema: shamba baada ya mavuno, Novemba. Jina langu halimo, na sikulitegemea. Nilisoma mara tatu hata hivyo.

Atupele aliinama kuangalia visiki. Akaniuliza, kwa Kiswahili, kama maotea huzaa. Nikamwambia yakipata maji huzaa, kidogo. Nikaanza kumwonyesha kwa kidole pale mundu ulipopita, naye akasogea, nami nikasogea.

Mama Furaha, koti lake jipya la ulinzi likiwa bado na mikunjo ya dukani, akatuambia taratibu turudi nyuma.

Tukarudi.