Mguu wa Somoe

Mingoyo, Jumatano, baada ya Magharibi

Kosa ni langu. Nimemkanda Somoe kama mwanamke aliyejifungua juzi, maana kukanda kwingine sikujui. Maji ya moto, kitambaa, naanzia kiunoni nashuka. Mtoto akapiga yowe, "Mama we! Mimi nakimbia tu, sijazaa!"

Baba yake huko barazani alicheka mpaka akapaliwa na kahawa.

Nikayapoza maji, nikahamia miguuni. Nilipogusa muundi wa kulia akauvuta mguu. Kumbe panamuuma wiki ya pili hii. "Nilijua ukisikia utanikataza mbio." Mjanja huyu!

Mwalimu wao wa mbio aliwaambia wapashe misuli moto kabla ya kukimbia, wakimaliza wainyooshe. Yeye akimaliza, huyoo, kwenye mihogo ya kukaanga. Leo nimemsimamia: mikono ukutani, kisigino chini, ahesabu mpaka thelathini, tena polepole. Akasema, "Na wewe basi." Nikajaribu. Goti langu likalia ko! Tumecheka wote.

Lakini naogopa. Jumamosi wanachagua watakaokwenda kukimbia Lindi, na maji ya moto hayaponyi mguu unaochoshwa kila siku. Nimemwambia wiki hii hakimbii, hata hiyo Jumamosi. Amenuna, wali hakuugusa.

Raba zake za mitumba nimezificha kwenye sanduku, juu ya khanga zangu za Idi. Zinanuka hizo! Akikosa nafasi atanilaumu mimi. Na anilaumu, ilimradi awe amesimama kwa miguu yote miwili.