Neno Nililoliruka

Jumatatu, 9 Juni

Hili sijamwambia mtu. Jana Baba alinipa kitabu cha mashine nimsomee, na kuna neno nikaliruka.

Mashine ya boti. Ameinunua kwa mzee mmoja kule bwawa la Mtera anakovua, kuukuu, rangi imeisha. Ameifunga kwenye pipa la maji hapa uani. Inawaka vizuri, inaunguruma dakika kumi, inakohoa, inazimika. Ikipumzika inawaka tena. Hivyo hivyo tangu Ijumaa.

Kitabu ni cha Kiingereza. Baba anasoma Kiswahili tu. Neno lenyewe ni vent. Niko kidato cha tatu na sikulijua. Alikuwa ameniita msomi mbele ya Bibi, nikaona aibu. Nikasoma mstari wa juu yake, nikasoma wa chini yake. Basi.

Jumanne, 10 Juni

Plagi zimesafishwa. Imezimika.

Jirani yetu, fundi pikipiki, aliegemea ukuta akauliza, "Mzee, hapa Chamwino utavua vumbi?" Baba akacheka naye. Mimi nikaingia ndani.

Jumatano, 11 Juni

Leo kabureta. Ameifungua juu ya sinia la Bibi, mimi nikimshikia vipande kwa mpangilio. Hatukuongea sana. Asubuhi nzima tumekaa pamoja. Sikumbuki mara ya mwisho. Huwa anakuja siku mbili, analala, anaondoka. Tangu Mama afariki, nikiwa darasa la pili, ni mimi na Bibi, na Bibi masikio yamechoka. Naweza kumaliza wiki bila kusema sentensi ndefu. Shuleni wananiita Bubu. Nimezoea. Hapana, sijazoea.

Ikazimika tena. Nilifurahi. Naandika mara ya pili nisije nikajidanganya: nilifurahi.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi Bibi alifungua dumu jipya la mafuta ya alizeti. Yakawa yanatoka kwa kigugumizi, glu, glu, yanamwagikia mkono. Akachukua msumari, akatoboa tundu juu, upande wa pili. Yakatiririka.

"Lazima lipumue," alisema, wala hakuwa anasema na mimi.

Nikaenda kwenye kamusi. Vent: tundu la kupitishia hewa. Kwenye kifuniko cha tenki la petroli kuna skrubu ndogo, imekazwa. Aliyemuuzia alimwambia asiiguse, petroli itamwagika. Kumbe mafuta yakipungua na hewa haiingii, mashine inanyonya mpaka inashindwa. Ni hilo tu. Baba ameifungua mashine nzima kwa sababu ya neno moja langu.

Nilijua saa tatu asubuhi. Sasa jua linazama na sijasema. Ikipona, anaondoka.

Ijumaa, 13 Juni

Anaondoka hata isipopona. Kesho. Anasema wenzake wako majini, yeye anakaa nyumbani kama mgonjwa. Nikamuuliza, sauti ikatoka ndogo, je, ikizimika katikati ya bwawa, na upepo wa mwezi huu?

"Kasia zipo, Mungu yupo."

Na viboko wapo. Yeye mwenyewe ndiye aliyetusimulia mwenzake alivyopinduliwa. Nilitaka abaki. Sikutaka hivyo.

Alipokwenda msikitini nikailegeza ile skrubu. Mizunguko miwili. Aliporudi akawasha. Dakika kumi. Ishirini. Nusu saa. Jirani akapiga makofi ukutani. Baba akanishika bega kwa mkono wenye grisi, akasema ni plagi, alijua tu ni plagi.

Nikadhani nimemaliza. Kisha akaanza kufunga mzigo, akakaza kila kitu kwa ajili ya safari. Na ile skrubu akaikaza. Kwa koleo. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mdomo wazi. Hakikutoka kitu.

Jumamosi, 14 Juni

Gari linakuja saa mbili. Mashine iko barazani ndani ya gunia. Bibi anakoroga uji, nausikia mwiko.

Nimejaribu mara mbili kwa mdomo. Mara ya kwanza nilisema "shikamoo" tena, wakati nilishamwamkia. Ya pili nikamuuliza kama amechukua sweta.

Kuandika naweza. Kitabu cha mashine, anachoondoka nacho, kiko hapa mezani, ukurasa ule ule. Pembeni ya neno nimeandika kwa herufi kubwa: LEGEZA SKRUBU YA KIFUNIKO KABLA YA KUWASHA. LAZIMA LIPUMUE.

Hiyo inamtosha kule majini. Ila haisemi ni nani alinyamaza, wala kwa nini. Hayo yamo humu. Na humu nimeandika Kiswahili mwanzo mpaka mwisho, atasoma bila mimi.

Ndala zake zinakuja, anakuja kuniaga. Siku zote nikisikia miguu daftari linaingia chini ya godoro. Leo limelala wazi kando ya kitabu. Nilikuwa nimefunika ukurasa kwa mkono.

Mkono nimeuondoa.