Daraja Lililokula Matanga Yako

Mutiso ndugu yangu,

Niliachia shule darasa la sita, ndiyo maana ulikuwa ukiniita Profesa mbele ya watu. Basi nivumilie mwandiko. Kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi tutakutoa hapo ulipo.

Daraja limejengwa. Lile lako, la kuvuka korongo. Ni la chuma, lina vishikio pande zote mbili, na watoto wa ng'ambo hawakosi tena shule mvua ikinyesha. Ingekuwa habari njema tupu, lakini Mutiso, pesa iliyolijenga ni pesa ya kukuzika wewe.



Unakumbuka siku uliyorudi kutoka barazani ukiwa na furaha kama umeposa? Ulitueleza kwamba kaunti imesema wananchi wachague mradi wao wenyewe, uwekwe kwenye simu na namba ya kuchangia, na michango ikifika kiasi kilichowekwa, kaunti iongeze iliyobaki. Wakakupiga picha kando ya korongo, umevaa kofia yako ya machimboni, unacheka. Ukaituma, na namba chini yake, kwa kundi letu la WhatsApp la watu wa mawe, sisi wa machimboni. Njoroge wa lori akakucheka mchana kutwa. "Boss, kodi nilipe, na daraja pia ninunue? Basi wakikosa soksi huko ofisini waniambie." Wewe ukamjibu, "Sawa. Maji yakikubeba usiniite." Miezi ikapita, mstari wa michango kwenye simu ukabaki umenata kule chini.

Halafu ukafa. Uliinama kuokota nyundo, ukakaa chini kama mtu aliyechoka. Nikakuambia, "Amka, msimamizi anakuja." Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwako. Daktari alisema ni moyo. Moyo gani, na ulikuwa ukibeba mawe ambayo mimi nayaacha?

Sasa sikia tulivyokosea. Jioni hiyo mtu mmoja kwenye kundi alitafuta picha yako akapata ile ya korongo. Akaituma tena, akaandika juu yake, "Pumzika ndugu yetu." Namba ya daraja ilikuwa pale pale chini ya picha. Na wewe unatujua. Mtu wa huku akiona picha ya marehemu na namba chini yake, hasomi. Anatuma. Ndivyo tumezikana miaka yote sisi tuliotoka mbali. Mluhya, Mkamba, Mkisii, hakuna aliyeachwa mochari wenzake wakiwa na mikono. Mimi nilituma mshahara wa wiki nzima. Picha ikafika Gilgil, ikafika Naivasha kwa wafanyakazi wa maua, kwa watu ambao hata hawakukujua. Simu ikamjibu kila mmoja, "Asante kwa mchango wako," na kila mmoja akalala akijua amekuzika vizuri.

Mama Wanjiru wa kibanda cha chakula ndiye tuliyempa kazi ya kupokea pesa ya matanga. Tulipokutana kwake ili tukanunue sanduku na kulipa gari la kukupeleka Kitui, akatuambia hajaona kitu.

"Mimi nilituma," Njoroge akasema.

"Ulituma wapi?"

"Kwa namba ya Mutiso."

"Mutiso amekufa. Ana namba gani?"

Kila mtu akatoa simu yake akaanza kusoma. Sasa ndiyo tukasoma, ndugu yangu.

Tulienda ofisi ya wadi na nguo za kazi, vumbi na yote. Msichana wa pale alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wazee wangu, poleni sana. Pesa ikishaingia kwa mradi sina njia ya kuitoa." Alipiga simu kwa wakubwa wake Nakuru mbele yetu, akaambiwa vile vile. Akageuza kompyuta tuone. Ule mstari ulikuwa umejaa hadi juu, kijani, na chini yake wameandika, "Hongera wananchi." Kaunti ilikuwa imeshaongeza sehemu yake. Sikujua kama hongera inaweza kumpiga mtu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikasahau hata tumekuja na nani.

Mochari haingoji, na mifuko yetu ilikuwa mitupu. Mchungaji wa ng'ambo akatupa nafasi ya kaburi nyuma ya kanisa. Korongo lilikuwa kavu, tukashuka nawe hadi chini na kupanda upande wa pili, tukiteleza. Kabla ya hapo nilimpigia mama yako kule Kitui nikamweleza yote, nikamwambia tunakuweka hapo kwa muda tu. Hakulia. Aliniuliza, "Kwa muda, kama mzigo?" Akakata simu.

Siku ya kufungua daraja kaunti ilimwalika, kwa sababu mradi ulikuwa wako. Alifika na kikapu kimoja. Mheshimiwa akashika kipaza sauti akasifu wadi yetu, eti tulichanga upesi kuliko wote, eti hatukusukumwa na mtu. Sisi watu wa mawe tulisimama pamoja na hakuna aliyepiga makofi, hata Njoroge, ambaye hupigia makofi hata tangazo la sabuni. Wakampa mama yako makasi. Alikata utepe. Wakamwambia avuke, awe wa kwanza. Alilitazama lile daraja kwa muda mrefu, kisha akarudisha makasi.

"Sikuja kuvuka," akasema. "Nilikuja kuchukua mtoto wangu."

Tangu siku hiyo yuko kwenye chumba changu, nami ninalala kwa Njoroge. Mama anapika muthokoi, yale mahindi ya kukoboa ya kwenu, ananipakulia, hanisemeshi. Korongo sasa lina maji, na njia ya kufika kwako ni daraja peke yake, naye halikanyagi, kwa hiyo kaburi lako hajaliona. Mimi ninalivuka kila Jumapili kuja kukutembelea, na kila hatua najua ninakanyaga sanduku lako. Sijui nimkasirikie nani. Nimetafuta, sijampata.

Tulichanga tena, pesa ya sanduku na ya safari. Safari hii ilikuwa noti mkononi, ndani ya karai la Mama Wanjiru, na aliyetaja namba alifukuzwa. Kupata kibali cha kukufukua kulituzungusha kwa chifu, kwa watu wa afya, hadi mahakamani, na siku hizo zote hakuna aliyetulipa. Mwenye lori amekubali kumpa Njoroge lori hadi Kitui.

Jana nilimweleza mama yako jinsi itakavyokuwa. Nilimwambia maji ni mengi, hakuna njia nyingine, tutakubeba juu ya daraja hadi barabarani, na yeye anaweza kungoja kwenye lori. Alikuwa akichagua maharagwe.

"Mtoto hachukuliwi kwa kungojewa barabarani," akasema. "Nitavuka nimfuate huko huko."

Basi atalivuka, Mutiso. Atakuja akiwa peke yake na atarudi nyuma yako.

Mimi nitashika upande wa kichwa. Sitakuachia mtu mwingine, wala sitakuacha Kitui mjini au kwenye njia panda. Nitakufikisha kwenye boma la mama yako, nishike jembe, nione udongo wa kwenu umekufunika. Hapo ndipo nitarudi kwa mawe.

Kwaheri ya huku ndiyo hii. Ukisikia majembe Jumamosi usishtuke. Ni sisi.

Barasa