Darasa la Mjomba Marijani

Temeke,
Dar es Salaam,
26 Novemba 1953.

Mpendwa mdogo wangu Mfaume,

Salaam nyingi zikufikie huko Makerere. Hujambo? Kifua kimepoa? Mama anauliza kama lile blanketi linatosha kwa baridi ya Kampala. Sie huku miili ni mizima, mvua za vuli zimeshuka, na mihogo ya nyuma ya nyumba imeshika vizuri.

Mdogo wangu, keti kwanza. Mjomba Marijani hatunaye. Alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe kumi na nne, kwa homa iliyompanda kichwani. Hatukukupigia simu ya upepo kwa sababu Mama alisema uko katika mitihani, na hata ungeondoka siku ile ile, usingewahi maziko. Tuwie radhi.

Huenda hukujua jinsi barua yako ya kwanza kutoka huko ilivyomwingia. Ulituandikia kuwa ulipewa kazi ya kutafuta mwenyewe vitabuni, ukaingia maktaba, ukakaa mbele ya visanduku vya kadi za majina ya vitabu hata wakafunga milango, hujui uanzie wapi. Mjomba aliisoma mara mbili, akaniambia, "Tunu, hawa nimewafundisha kujibu. Kutafuta sikuwafundisha."

Ndipo akaanzisha darasa la Jumamosi barazani kwake, kwa wanafunzi wake wa darasa la kumi na mbili wanaotarajia kuja huko. Alikata maboksi ya biskuti kuwa kadi, akazipanga kwa majina ya waandishi, akaazima vitabu kila alikojua mtu. Siku moja swali lilikuwa Vita vya Maji Maji vilianzaje. Leonardi, yule kijana wa watu wa Songea, alikisukuma kitabu akasema, "Huyu anasema uongo, Mwalimu. Babu yangu alikuwapo."

Mjomba hakumkemea. Alimwambia, "Usikisukume. Mtafute mwingine aliyeandika, uwaweke pamoja. Kisha andika na ya babu yako, useme ni yake, ili anayesoma ajue umeyatoa wapi."

Kilichobaki ni kuwaingiza katika maktaba yenyewe. Ile ya mjini aliyoiomba ilimkataa, akaomba tena, mwisho akapewa nafasi ya saa moja tu, asubuhi ya Jumamosi ile ya tarehe kumi na nne. Alifurahi kama mtoto wa Idi. Homa ilipomlaza alikuwa bado ananiambia niwakumbushe wanafunzi wake wanawe mikono kabla ya kushika vitabu vya watu.

Asubuhi hiyo walikuja kumchukua, nguo zimepigwa pasi, wakakuta majamvi uani na watu wamejaa. Wilbert, mwenzake Leonardi darasani, aliniuliza, "Mwalimu yuko tayari?" Hawakwenda mjini. Walifuata jeneza wakiwa na nguo zao za shule, na Leonardi, Mkristo yule, alipokezana na wanaume kulibeba mpaka makaburini.

Baada ya hitima Wilbert alikwenda maktaba kuomba siku nyingine. Akaambiwa ruhusa ilikuwa ya mwalimu, na mwalimu amekufa.

Jumamosi iliyopita walikuja tena barazani. Hakuna aliyewaita. Wakakaa, hakuna aliyegusa kadi. Mjane wake, Bi Mwanakombo, akatoka ndani na kaniki yake ya eda, akaketi kizingitini. Wajua hasomi. Akawaambia, "Haya, someni, nami nisikie." Leonardi akaanza kusoma, sauti ikamkatika, Wilbert akapokea. Walisoma hivyo mpaka adhuhuri, naye akilia, hakuwazuia wala hakuinuka.

Mfaume, wanaondoka mwezi wa tatu, na hakuna miongoni mwao aliyepata kuingia maktaba. Sie huku hatujui kuwaonyesha. Likizo ikifika, njoo. Ukimaliza kumzuru Mjomba kaburini, waketishe uwaambie ulipotea wapi na ulitokaje. Nimekwisha kuwaambia kuwa unakuja. Usinifanye mwongo.

Mama anakusalimu na kukuombea. Bi Mwanakombo anasema usilie sana, ule. Tabu wa kwa Mzee Jabiri naye anakusalimu, kadhalika Leonardi na Wilbert. Mungu akulinde katika meli na katika gari moshi, akufikishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,
Tunu