Folda Yenye Jina la Baba Mkwe

Begimai, shoga, nimejifungia stoo ya maziwa. Sijui nicheke au nilie.

Umeme umekatika, ukarudi, ile programu ya kupoza tangi ikagoma kuwaka. Maziwa ya kijiji kizima!

Kosa ni langu. Kwenye faili la kuiwasha niliandika jina la programu tu. Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, inataka njia nzima, folda kwa folda, na folda mojawapo ina jina la baba mkwe, mwenye kompyuta.

Na mama mkwe huyo ubavuni, macho kwenye skrini. "Mkamwana halitaji jina la mkwewe. Wala haliandiki."

"Mama, maziwa yataharibika!"

"Yaharibike."

YAHARIBIKE, Begimai!

Nikamuuliza, kwani wewe unamwitaje?

"Wewe Hapo. Miaka yote anaitika."

Basi nikambadilisha mzee jina kompyuta nzima. /home/wewe-hapo/bin/poza. Tangi likawaka, mama mkwe akanibusu!

Sasa mzee karudi, anajaribu kuingia kwenye kompyuta yake. Inamkatalia jina lake.

Namsikia anamfokea mkewe: "Hebu iambie mimi naitwa nani!"

Mama mkwe anakohoa, anakohoa tena.



Halafu kaita jina LANGU.