Mkono Wangu Si Mwongo

Bondeni, Nakuru

Kaka Barasa,

Salamu nakupa kwa sababu mama alitulea hivyo, si kwamba umezistahili. Natumaini watoto ni wazima na mahindi yamebeba. Mimi ni mzima, isipokuwa mkono huu wa kulia ambao wewe umelitangazia kanisa zima kwamba ni wa uongo.

Shangazi amenipigia simu. Eti umesema naigiza kutetemeka ili nisije nyumbani kusaidia kazi. Barasa, mimi ni fundi wa nguo. Mwezi wa pili sasa siwezi kutunga uzi kwenye sindano. Sare za shule anashona Mama Chebet, mwenzangu wa cherehani ya pili, nami napanga vifungo kwa mkono wa kushoto. Nani huigiza njaa yake mwenyewe?

Nilienda hospitali. Wakapima damu, wakapiga picha ya kichwa, wakapima mishipa ya fahamu. Yote safi. Nililia, maana moyoni nilikusikia ukisema, "Si niliwaambia?" Lakini daktari hakunifukuza. Aliniambia nigonge meza kwa mkono wa kushoto nikimfuatisha yeye, polepole, haraka, polepole. Nikakazana kumfuata. Kuangalia chini, mkono wa kulia umetulia tuli.

"Umeona, mama?" akasema. "Mishipa iko sawa. Ni vile ubongo inatuma message vibaya. Hii ni ugonjwa, na si ati unajifanya. Ukiiangalia sana, inazidi. Tutafundisha huo mkono tena."

Akauliza ugonjwa ulianza lini. Ulianza jioni ya mazishi ya mama. Wewe ulijua niko njiani. Kwetu mtoto hurusha udongo kaburini kwa mkono wake mwenyewe, na mwili humngoja. Wewe ukasema pasta ana mazishi mengine saa tisa. Nikakuta kaburi limefunikwa kwa simiti mbichi. Nikaweka kiganja juu yake, nimuage mama, basi. Ukanivuta mkono: "Wacha! Unaharibia fundi kazi!" Kisha ukachukua mwiko wa fundi ukafuta alama yangu mbele ya watu wote.

Daktari alisema jambo kama hilo linaweza kuuwasha ugonjwa, ingawa si lazima liwe ndilo chanzo. Yeye ana adabu. Mimi nasema ni wewe.

Sasa kila asubuhi nakunja vitambaa huku nikiimba, mkono usahau kwamba unaangaliwa. Juzi nilitunga uzi mara moja, Mama Chebet akapiga kigelegele hadi wateja wakaingia kuona.

Mafuta yako ya upako usinitumie. Nataka kitu kimoja. Desemba nakuja. Mtafute fundi yule yule abomoe kona ya ile simiti, nirushe udongo wangu. Ukikataa nitabomoa mwenyewe, hata kwa kushoto.

Msalimie shangazi, asiyenificha neno. Msalimie na shemeji, mke wako, aliyeniletea maji ya kunawa siku ile wakati wewe ulikuwa unasifia simiti.

La mwisho. Barua hii niliianza kwa mkono wa kushoto, tazama mwandiko wa juu ulivyo mbaya. Nilipofika kwenye mwiko wako, kalamu ilihamia kulia bila mimi kujua. Nimegundua sasa hivi. Usikimbie kanisani kusema umenishika uongo. Nimekukasirikia hadi mkono ukasahau kutetemeka. Sasa nimeuangalia, umeanza tena, kwa hivyo jina naandika kwa kushoto.

Dada yako,
Nekesa