Rinda la Kijani

Salama, 3 Agosti 1981

Kwa Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, sijui wewe na mbuzi huko Tseikuru. Harusi yangu na Wariara ni Desemba. Mama, sikufichi: usije hivyo ulivyo. Pasaka ulipokuwa ukiongea na baba yake, Mzee Thuo, alisukuma kiti nyuma. Mdomo wako unanuka, na ufizi unatoa damu mbele ya watu. Jitengeneze kwanza, ama ukae nyumbani.

Mwanao, Musembi

Tseikuru, 9 Novemba 1981

Kwa mwanangu Musembi,

Hujambo? Mimi na mbuzi hatujambo. Heri ngumbaru, darasa la watu wazima, ilinifundisha kusoma, la sivyo barua yako ningesomewa na jirani. Uliniumiza.

Daktari wa meno huja hapa misheni Aprili na Oktoba. Alisema ni ugonjwa wa ufizi. Mimi nikiona damu niliacha mswaki, kumbe hapo ndipo nilikosea. Uchafu ukawa mgumu kama jiwe chini ya ufizi. Aliukwangua, wee, nililia! Meno yaliyokuwa yanacheza akang'oa, mawili. Sasa ni mswaki asubuhi na jioni, na kusukutua na maji ya chumvi. Damu imekauka, harufu imeisha. Nimeshonesha rinda la kijani. Niambie tarehe.

Mama yako

Salama, 8 Desemba 1981

Kwa Mama,

Habari ya huko? Nimefurahi umepona. Harusi ilikuwa Jumamosi iliyopita. Haingengoja. Nakutumia picha.

Mwanao

Salama, 13 Septemba 1982

Kwa Mama mpendwa sana,

Hujambo Mama? Mbona kimya? Sasa ni mimi. Ufizi umevimba, nikitema ni damu, meno ya mbele yanacheza. Wariara ananigeuzia mgongo. Huku wanataka kung'oa tu. Yule daktari wako anakuja siku gani? Nijibu haraka, tafadhali.

Mwanao Musembi

Tseikuru, 8 Oktoba 1982

Kwa Musembi,

Salamu. Sisi ni wazima. Barua yako ilifika mapema. Niliisoma mara tatu, nikaiweka chini ya godoro.

Ile picha niliiangalia sana. Watu wote wanacheka, wewe peke yako umefunga mdomo. Nilijua tangu siku hiyo.

Daktari alikuwa hapa Jumanne iliyopita. Nilienda na rinda la kijani, akaniambia ufizi wangu ni safi kabisa. Nikamuuliza, na mtu ambaye meno ya mbele yanacheza? Akasema aletwe leo leo, bado yanaweza kuokolewa. Nikamwambia huyo mtu yuko mbali.

Atarudi Aprili.

Mama yako